Uso wa Mzee Kwenye Upande wa Pili

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, vuta kiti, hatujafika mbali.

Doris, mjane wa Anold, anakaribia kufukuzwa katika nyumba aliyoolewa kule Old Moshi. Shemeji yake Crispin, kifungua mimba wa nyumba hiyo, ameitisha kikao cha ukoo. Anasema kihamba cha baba yao, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, aliachiwa Anold kwa kuwa ndiye kitinda mimba, kama ilivyo desturi, lakini sasa Anold naye amekufa, tena ameacha binti tu, Blessing, aliyeko shule ya bweni. Kwa hiyo migomba, kahawa na nyumba virudi kwa mkubwa. Crispin anataka kujenga hapo nyumba ya kulaza watalii.

Kwenye kikao Baba Mdogo Kornel alikohoa, akasema kaka yake, marehemu Mzee Sylvanus, baba wa Crispin na Anold, alimnong'oneza akiwa kitandani: "Nyumba itakuwa ya nani, nimeshasema. Nilisema siku ya jubilei. Mpiga picha analo neno langu."

Basi ukoo mzima ukasogea mbele ya televisheni kutazama CD ya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya Mzee Sylvanus na Mama Mektrida. Wakatazama maandamano, masomo, viapo, matoleo, baraka ya mwisho. Kisha kioo kikawa cheusi. Neno la nyumba halikuwemo.

"Labda neno lenyewe ni Amina," alisema Crispin, na watu wakacheka huku wanamtazama Doris.

Mama Mektrida, mama yake Crispin na mama mkwe wa Doris, hakufungua mdomo mwanzo hadi mwisho. Kikao kikaahirishwa mpaka Jumamosi. Neno lisipopatikana, Doris afungashe arudi kwenye mashamba ya miwa alikozaliwa, kwa baba na mama waliotoka Singida kuja kukata miwa wakabaki hukohuko.

Na usiniandikie barua kuniuliza mahakama iko wapi. Ipo, na Doris njia anaijua. Lakini huko ingembidi asimame upande mmoja, Mama Mektrida asimame upande wa pili, na huyo ndiye mtu pekee anayemwita mwanangu. Doris hakuwa na moyo huo.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi Doris alishuka mjini Moshi kumtafuta mpiga picha.

Studio ya Rogath iko juu ya duka la vitenge. Siku hizi Rogath ni mtu wa drone na kofia. Boksi lake la CD tupu ameliweka sakafuni kuzuia mlango usijifunge.

"CD? Mwaka huu, dada?" alicheka. "Siku hizi mtu namtumia harusi yake kwenye simu kabla bibi harusi hajavua shela."

"Kaka Rogath, sikuja kucheka. Ulikata nini kwenye jubilei ya mzee wetu?"

"Nikate? Mimi? Jubilei ile niliipiga kwa mapenzi yote. Mliitazama hadi mwisho?"

"Hadi mwisho. Padri akabariki, ikaisha."

"Na upande wa pili?"

"Upande wa pili wa nini?"

Rogath alivua kofia. Kwa kijana wa Mkuu, Rombo, anayelala na kofia yake, hiyo ni dalili mbaya.

"Dada, ile CD mlishawahi kuigeuza?"

Doris hakuelewa, na mimi simlaumu. Katika nyumba ile kitu chochote cha duara kinachong'aa huitwa CD, na kila CD waliyowahi kuwa nayo ilikuwa na tumbo linalong'aa na mgongo ulioandikwa. Nani anageuza?

Rogath akachukua CD kutoka kwenye boksi la mlangoni, akaanza kuhubiri.

"Hizi za picha ni DVD. Moja ya kawaida inabeba GB nne na pointi saba. Ukitaka picha nzuri, hapo ni kama saa mbili, imeshashiba. Misa yenu peke yake ilikula karibu zote, padri wenu si mtu wa haraka. Sherehe ya nyumbani ningeitia wapi?"

"Si ungeweka kwenye CD mbili."

"Mzee alikataa. Alisema zikiwa mbili moja itapotea, na itakayopotea ni ile anayoitaka yeye."

Rogath aliizungusha CD kidoleni.

"Kuna nyingine zina tabaka mbili upande mmoja, zinabeba GB nane na nusu. Lakini deki ya mzee naijua, ya zamani ile. Ikifika mahali pa kuruka tabaka, picha inaganda. Na zile zilizoandikwa alama ya kujumlisha haizisomi kabisa, inataka zenye alama ya kutoa. Inachagua kama mgonjwa! Nikahangaika mpaka nikapata hii ya pande mbili. Misa huku, sherehe kule. Ukimaliza unatoa, unageuza, unarudisha, kama kaseti ya redio. Mashine inasoma upande ulioangalia chini. Nilimweleza mzee mwenyewe, akafurahi sana."

"Hakutuambia. Uliileta akiwa ameshalazwa na ugonjwa. Hakuinuka tena."

"Lakini si mliiona? Ilikuwa inang'aa pande zote. Haikuwa na mgongo. Pande zote mbili ni tumbo."

Msomaji, hapa nakuomba umuonee huruma Doris.

Aliiona. Aliiona vizuri kuliko mtu yeyote. Mzee alipofariki, wakati wa kuandaa misa ya kumbukumbu, Doris aliitoa ile CD kwenye kasha lake akaiona iko uchi, haina jina wala picha. Akafikiri fundi amesahau kuivalisha. Akashuka mjini kwenye duka la stationery, akachapisha stika ya duara yenye picha ya Mzee Sylvanus amevaa suti na ua kifuani, na chini yake: Pumzika kwa Amani, Baba. Akaibandika kwa mikono yake miwili, akaisugua kwa kanga hadi ikashika pande zote.

Mama Mektrida alipouliza nani amefanya jambo zuri namna hii, Doris alijibu, "Imetoka hivyo kwa fundi, Mama." Wakati ule Crispin alikuwa ameanza kunung'unika kwamba mke wa Anold anajishikisha vitu vya mzee. Doris akaona ni heri sifa aichukue fundi.

"Kaka Rogath," alisema sasa, na sauti ilikuwa ndogo, "nilibandika stika."

"Upande gani?"

"Ule usio na Misa."

Rogath akakaa juu ya boksi.

"Nakala huna?" aliuliza Doris.

"Kompyuta ya wakati ule iliunguzwa na radi. Hiyo yenu ndiyo pekee duniani."

"Basi wewe utakuja Jumamosi useme alichosema. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, tena tulikuwa wawili tu. Mzee alinivuta mpaka migombani, akasema hataki kulisema mbele ya wageni, kuna watakaonuna siku ya furaha. Nikawasha kamera. Akaanza kuongea Kimochi. Dada, mimi ni Mrombo. Kichagga chetu na chenu ni ndugu wasiosalimiana. Sikuambulia kitu."

"Hata neno moja?"

"Jina lako. Alilitaja zaidi ya mara moja."

Doris aliushika ukingo wa meza. "Akilitaja alikuwa anacheka au amekasirika?"

"Alikuwa analia. Lakini wazee kwenye jubilei wote wanalia, huwezi kujua."

Ulishawahi kutafuta kitu kwa hamu, ukakiona, ukaogopa kukiokota? Doris alikuwa hapo. Sasa alijua neno lipo. Hakujua kama neno lenyewe linampa nyumba au linamtoa.

"Nikiibandua stika?"

"Ingekuwa CD ya muziki ningekwambia sahau, maana yale yaliyorekodiwa yako mgongoni hapahapa chini ya maandishi, ukibandua yanang'oka nayo. Kwenye DVD yamo katikati, kama nyama ya sambusa. Ukienda taratibu unaweza kuikuta nzima."

"Unaweza?"

"Nimesema unaweza. Sijasema utaikuta." Akanyoosha kidole. "Maji ya uvuguvugu, usiweke ya moto, itapinda. Gundi ikibaki, mafuta ya kula kidogo. Unafuta kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Petroli usiguse, thina usiguse. Au niletee niibandue mwenyewe."

"Siwezi kukuletea," alisema Doris. "Kuna mtu anaibusu kila asubuhi."

Ndiyo. Tangu misa ile ya kumbukumbu, CD ya jubilei haikukaa tena na CD nyingine. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, karibu na sanamu ya Bikira Maria. Kila alfajiri Mama Mektrida aliifungua, akaibusu picha, akasema, "Umeamkaje, Sylvanus," kisha ndipo akaenda kumkatia ng'ombe majani. Mashineni iliingia siku kubwa tu, uso wa mzee ukiangalia juu, na Misa ikisomwa chini.

Doris alirudi mlimani akakuta nyumba kimya. Mama alikuwa zizini. Mtori ulikuwa jikoni, umefunikwa.

Mungu anisamehe, lakini nami ningefanya alichofanya. Alichota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaenda sebuleni, akaitoa CD karibu na Bikira Maria bila kumtazama Bikira usoni, akarudi nayo jikoni. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa stika, pale penye bega la suti.

"Unampeleka wapi mume wangu?"

Mama Mektrida alikuwa mlangoni, mundu mkononi.

"Shikamoo, Mama. Nilikuwa nafuta vumbi."

"Marahaba. Na beseni la nini?"

"La... la kufutia."

"CD haifutwi kwa beseni, Mama Blessing. Mrudishe."

Doris akamrudisha. Mama alisimama palepale hadi alipohakikisha kasha limefungwa.

"Crispin amepiga simu," alisema, bila kumtazama. "Hasubiri Jumamosi. Anapanda leo na fundi wa kupima."

Hapo ndipo mtego ulipofunga pande zote. Akiiacha stika, Jumamosi hana nyumba, na Blessing shule ikifungwa hana pa kushukia. Akiibandua kwa siri, atakuwa amempokonya mama huyu uso anaousalimia kila asubuhi, na kwa mama huyu hatasamehewa. Akiomba ruhusa, itabidi aseme kwa nini. Na akisema kwa nini, itajulikana nani aliyemfunika mzee mdomo miaka yote hii.

Doris alitoka nje akilia. Alipita migombani hadi mpakani, kwenye masale. Kama wewe si mtu wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka na makaburini. Wachagga wakikosana, mkosaji hulipeleka jani lake kuomba msamaha. Doris aliwahi kuona watu waliogombana hadi kushikiana mapanga wakinyamazishwa na jani moja la isale. Akaona hiyo ndiyo njia. Akakata jani, akalifunga fundo kama alivyoona wengine wakifanya, akaingia nalo sebuleni na kupiga magoti.

"Mama, naomba unikubalie jambo."

Mama Mektrida alilitazama jani, kisha akamtazama Doris, kisha akalitazama jani tena.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Nimeona tu, Mama."

"Hukuona vizuri. Isale halileti ruhusa. Mtu haji na isale kuomba kitu ambacho hajafanya. Analeta akishakosa, na likishaletwa halikataliwi, lazima nisamehe hata kama kosa linaniua. Sasa umelileta." Mama aliuweka mundu chini. "Umekosa nini, Mama Blessing?"

Hakukuwa na pa kutokea. Doris alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, akameza ufunguo.

Akasema. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, uchi wa CD, duka la stationery, uongo wa fundi, upande wa pili, migombani, Kimochi, jina lake, machozi ya mzee. Alisema yeye ndiye aliyembandika mzee juu ya mdomo wake mwenyewe.

Mama Mektrida alikaa kwenye kochi taratibu.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "kila asubuhi nabusu karatasi ya stationery."

"Mama, nisamehe."

"Nilidhani alijiachia mwenyewe hiyo picha. Nilidhani alimwambia fundi, mwekee Mektrida uso wangu, asinisahau." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na wewe uliniacha nidhani."

"Niliogopa, Mama."

"Na sasa unataka nimchune mume wangu uso ili upate nyumba."

Vyovyote ambavyo Doris angejibu, ingebaki kuwa kweli. Aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa kochi.

Ng'ombe alilia zizini na hakuna aliyeinuka. Kisha Doris alihisi jani linatolewa mkononi mwake.

"Nimelipokea," alisema Mama Mektrida. "Sina hiari. Lakini kumbandua, hutambandua wewe. Mimi ndiye niliyemfumba macho alipokufa. Leta beseni."

Alifanya kazi ile kama anavyomenya ndizi za mtori, bila haraka na bila kukata nyama. Alilowanisha, akasubiri, akavuta. Suti ikatoka. Ua likatoka. Kidevu kilipotoka alisema, "Ee Ruwa," yaani Ee Mungu, na akaendelea. Uso ulipasuka katikati ya pua, ukatoka vipande viwili, na Mama akaviweka kwenye sahani safi, kimoja kando ya kingine. Gundi iliyobaki waliipaka mafuta ya alizeti ya Doris, wakaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kama Rogath alivyoagiza. Huko chini kukang'aa.

"Mrudishe kwenye deki," alisema Mama. "Upande huu uangalie chini."

Deki ikavuta, ikakoroma, ikaandika kwamba haina CD.

Doris alifunga macho. Mama akaitoa, akapumulia, akafuta tena, akairudisha. Deki ikakoroma tena, safari hii kwa muda mrefu, ikanyamaza, na muziki wa matarumbeta ukalipuka sebuleni.

Ilikuwa sherehe. Maturubai yale, ndafu ile ya mbuzi mzima, akina mama waliovaa sare ya kitenge cha bluu, Anold mwenyewe, mzima, anacheza na kreti ya soda kichwani. Doris aliweka mkono mdomoni. Hakuwa amejiandaa kumwona Anold. Akalia waziwazi, na Mama akamwacha alie, naye akilia.

Kisha matarumbeta yakakatika, kukawa na migomba.

Mzee Sylvanus alikaa kwenye kigoda, suti ileile, ua lilelile. Alitazama kamera kama mtu anayemtazama daktari wa meno. Akaanza kusema.

Na hapa, msomaji, niseme jambo lililomuuma Doris kuliko yote. Miaka yote aliyokaa nyumba ile walimsemesha Kiswahili. Ilikuwa heshima kwa mkwe aliyetoka mbali, asijisikie mgeni. Kimochi alichokijua ni cha salamu, chakula na ng'ombe. Mzee alikuwa anasema Kimochi cha wazee, kizito, cha polepole, na heshima ile waliyompa sasa ilimwacha nje ya mlango huku nyumba yake inaamuliwa ndani.

Alisikia "Crispin." Alisikia "Anold." Kisha akasikia "Doris," na mzee akatoa leso.

Alimgeukia Mama kutafuta maana usoni pake.

Mwanzoni Mama Mektrida alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya kwenye mahubiri. Mzee akataja Doris tena. Mama akaacha kutikisa. Mzee akainua mkono, akaonyesha kitu nje ya picha, upande wa chini ambako mfereji wa mfongo unapita, akasema sentensi moja fupi. Mama akakamata mkono wa Doris, akaubana mpaka pete ikamwumiza.

"Mama, anasema nini?"

"Nyamaza."

Mzee alicheka huku analia, akataja jina la nne ambalo Doris hakutegemea kulisikia pale. Alisema, "Mektrida."

"Hodi humu ndani!"

Ilikuwa sauti ya Crispin, uani. Kabla Doris hajasimama, Mama Mektrida, mwanamke ambaye huinuka kwa kushikilia meza, alikuwa ameshafika kwenye deki. Alibonyeza. Mzee akapotea. Trei ikatoka nje na CD, na CD ikaingia kifuani mwa Mama, ndani ya kanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda salama?"

Crispin aliangaza macho: beseni, mafuta, sahani yenye vipande viwili vya uso wa baba yake. Nyuma yake alisimama mtu mwenye kamba ya kupimia na vigingi.

"Nimemsikia Baba," alisema Crispin. "Nikiwa kule getini. Maneno sikuyashika, lakini ile ni sauti ya Baba."

"Tulikuwa tunatazama jubilei."

"Kwenye Misa Baba hakuongea Kimochi, Mama."

"Kulikuwa na kipande kingine," alisema Mama Mektrida. "Alikuwa anawashukuru wageni."

"Na nyumba?"

"Nyumba hakuitaja."

Doris alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba alisikia jina lake? Majina yote yalitajwa. Shahidi wa maana ya maneno yale alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshatoa ushahidi.

Crispin alimtazama mama yake kwa muda. Kisha mabega yake yakashuka, akatabasamu, akamgeukia Doris.

"Pole, shemeji. Umejitahidi." Akamwashiria yule mtu wa kamba. "Tuanzie chini, kwenye mfongo."

Wakatoka. Nyayo zao zilisikika zikikanyaga majani makavu ya migomba.

"Mama," alisema Doris, na sasa hakujali sauti yake imefika wapi. "Baba alisema nini? Mimi nimekwambia ukweli wangu wote leo. Alisema nini?"

Mama Mektrida aliliendea lile jani la isale, alilokuwa ameliweka karibu na Bikira Maria, mahali palipokuwa pa CD. Akalifungua fundo. Akalifunga upya, kwa vidole vyake mwenyewe, fundo la mtu anayejua kulifunga. Kisha akapiga magoti, yeye mama mkwe, mbele ya mke wa mwanawe, akaushika mkono wa Doris, akaliweka jani kiganjani na kuvikunja vidole juu yake.

"Mama, inuka! Unafanya nini?"

"Limefika, mwanangu," alisema Mama Mektrida. "Umelishika."

Huko chini Crispin aligonga kigingi cha kwanza.

"Kosa lipi, Mama?" aliuliza Doris. "Umenikosea nini?"

Mama hakuinuka, mkono mmoja umekandamiza kifua pale CD ilipo. Na jani lilikuwa mkononi mwa Doris, na Doris alikuwa ameshafundishwa, mchana huohuo na mwanamke huyohuyo, kwamba likishaletwa halikataliwi.